Kamera ya Mkono Mmoja

Wadogo zangu mnaopokea kazi hii,

Mmeniomba niwaeleze namna ya kuchagua kamera ndogo ya kuwapigia picha watoto wa vituo vyetu, nami nimekubali, ingawa nimekaa mbele ya karatasi hii tangu chai ya asubuhi nikiwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mtanivumilia nikijiita mstaafu. Umri wa kustaafu uko mbali nami, na mama yangu hapa Mbulu bado ananituma kuni kama binti wa shule. Lakini mtu anaweza kustaafu kwa magoti. Magoti yangu yamegongana na sakafu za saruji za Gitting, Nangwa na Masakta mpaka yamekata tamaa, kwa sababu mtoto mdogo hapigwi picha kutoka juu. Ukisimama, unampata kichwa kikubwa na miguu midogo, na uso wa mtu anayetazama mnara. Unapiga magoti kwanza. Mengine yote yanafuata.

Kwa yule kati yenu ambaye hajaingia kazini bado, kazi ni hii. Shirika letu linawalea watoto ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza: uji wa asubuhi, kliniki, sweta, michezo. Kila mwaka kila mtoto hupigwa picha, na picha hiyo hutumwa kwa mfadhili wake aliye mbali. Uso uonekane wote, macho yawe wazi, pasiwe na machozi, picha isiwe imetikisika. Picha isiyofaa hurudishwa. Ikirudishwa mara mbili, faili la mtoto linafungwa mpaka mwaka unaofuata, pamoja na matibabu yoyote aliyokuwa akiyasubiri. Chuoni nilifundishwa kwamba utu wa mtoto haupimwi kwa chochote. Nilipofika kazini nikakabidhiwa kamera.

Msiniulize kwa nini hatukutumia simu. Picha ya mtoto haikuruhusiwa kukaa ndani ya simu ya mtu, nami naiunga mkono sheria hiyo mpaka leo. Simu huazimwa, huibwa, hutazamwa na mashemeji. Kamera ya ofisi hurudi ofisini.

Sasa niwataje wanaohusika, kwa maana kanuni zote nitakazowapa zilitoka kwa mtoto mmoja. Jina lake ni Gidamis, wa familia ya wafugaji wa tambarare iliyohamia karibu na Gitting ili mtoto apate kliniki. Alizaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Tangu akiwa mchanga alifungwa bandeji ngumu, kisha akavalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, ili miguu ijifunze kunyooka. Alipofunguliwa chuma kile kwa mara ya mwisho alikuwa na miaka minne, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwona amesimama. Alikimbia kwenda chooni, alikimbia na kikombe cha uji, alikimbia ndani ya ukumbi wa kituo akiuzunguka kama ng'ombe wa kupura ngano, ila kwa kasi ya mbwa.

Tena alikimbia kwa kuchechemea. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kurudi ndani, na daktari alisema unahitaji upasuaji mdogo mwaka huohuo, kabla mfupa haujakomaa. Shirika lingegharamia, mradi faili lake liwe wazi. Faili lilihitaji picha. Picha yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kurudishwa: katikati yake palikuwa na kitu cha rangi ya sweta, kirefu, kisicho na uso. Ilibaki nafasi moja.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipojifunza kuchagua kamera. Wengine hujifunza kwa kusoma vijitabu.

Kamera ya kwanza niliyoikuta ofisini ilikuwa imenunuliwa kwa sifa mbili, megapikseli nyingi na zumu ndefu. Hizo ndizo sifa zinazoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, nazo hazina faida kwa mtoto anayekimbia ndani ya nyumba. Zumu ni kwa ajili ya kitu kilicho mbali. Mtoto wa kituo hayuko mbali, yuko juu ya goti lako. Tena lenzi nyingi ndogo zikivutwa mbele zinaziba mwanga, ukumbi wenye giza unazidi kuwa na giza, kamera inalazimika kufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo mtoto amekwisha kuondoka. Unabaki na sweta.

Na kumbi zetu ni za giza. Mliokulia Hanang mnajua upepo wa Gitting. Madirisha yalijengwa madogo kwa makusudi, na mengine yamezibwa kwa mbao tangu kioo kilipovunjika. Kuwapiga picha nje hakufai. Upepo unawatoa watoto machozi, na mfadhili akiona machozi haulizi kuhusu upepo. Kwa hiyo tulifanya kazi ndani, chini ya taa moja ya manjano, siku ambazo umeme ulikuwepo.

Niliwahi kudhani flashi ndiyo jibu. Pale Masakta akina mama walipata habari kwamba siku ya picha imefika, wakafanya ambalo mama yeyote wa huku angelifanya kwa upendo: waliwapaka watoto mafuta ya mgando usoni, mengi, kwa kuwa ngozi iliyopauka kwa baridi ni aibu ya mama. Nikawasha flashi. Kila uso ulirudisha mwanga kama sufuria mpya. Pua zilipotea, paji la uso likawa jua. Mtoto wa tatu aliogopa ule mwako akalia, wa nne akalia kwa kuwa wa tatu amelia, na ukumbi mzima ukafuata.

"Umewafanya nini?" aliniuliza mama mmoja, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

"Nimewapiga picha tu, mama."

"Picha gani ya kulia hivi? Hata sindano ya surua hawakulia hivi."

Tangu siku hiyo flashi yangu ilizimwa, nami nikabeba kitambaa safi cha pamba. Futeni mafuta kidogo kidogo kwenye paji la uso na pua, mbele ya mama mwenyewe, na mwambieni kwamba mtoto amependeza. Amependeza kweli.

Niwaeleze pia siku yangu ya kwanza kabisa, iliyokuwa Nangwa, ili msije mkarudia kichekesho changu. Huku kwetu, na hasa kwa familia za wafugaji, mtoto hamwamkii mtu mzima kwa mdomo tu. Anasogea, anainamisha kichwa, na mtu mzima anamwekea kiganja utosini. Kiganja kisipogusa, salamu haijapokewa, na mtoto mwenye adabu atabaki ameinama akisubiri. Mimi mwenyewe nimeinamisha kichwa mbele ya wazee tangu nilipojua kutembea. Jambo nililosahau ni kwamba sasa mtu mzima nilikuwa mimi.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto wa kwanza, nikainua kamera kwa mikono miwili, nikasema, "Haya, mdogo wangu, nitazame."

"Shikamoo," akasema, akainama. Kamera ikalia.

Wa pili naye akaamkia, akainama. Ile kamera ilikuwa nzito kuitikia. Ukibonyeza, inafikiri kwanza, inatafuta uso, halafu ndipo inapiga. Nilibonyeza nikiona uso, ikapiga ikiona nywele. Kwenye kioo chake kidogo, katika mwanga ule, sikuona tofauti. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta ya ofisi mchana, nilikuta darasa zima la tosi.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Theresia. Huyu ni mkuu wa kituo cha Gitting, mwalimu wa zamani wa darasa la kwanza, mwanamke ambaye sauti yake iliwafanya hata mbuzi wa jirani watulie. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa kikao.

"Hii ni kazi ya picha," akasema, "au umefanya ukaguzi wa chawa?"

"Mama, watoto waliniamkia."

"Na wewe hukuitikia?"

"Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamera."

"Basi wamefundishwa vizuri kuliko wewe." Akavuta kiti, akaweka kidole juu ya kioo. "Huyu mwenye kovu ni mtoto wa fundi baiskeli. Hawa wengine watajulikana siku ya kiama."

Mama Theresia alinilea katika kazi, na sitawaficha kwamba tulitofautiana kila juma. Imani yake ilikuwa moja: mtoto asimame. "Tulia kama nguzo!" alipaza, na watoto wakawa nguzo kweli, mikono imenyooshwa, macho yametoka, wamebana pumzi. Picha zilikuwa kali, hazikutikisika, na ofisi ilizikubali. Mimi nikizitazama niliona watoto waliokamatwa. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mtoto aliyekamatwa kwenye picha anakunywa uji mwaka mzima, na huruma yangu haichemshwi kwenye sufuria.

Lakini kwa Gidamis hata Mama Theresia alishindwa. Alimwita, akaja mbio. Alimwambia atulie, akatulia kwa muda ambao kuku hutumia kudonoa punje, halafu miguu ikamchukua. Tulimpa biskuti, akakimbia nayo. Tulimkalisha kwenye kiti, akakimbia kwa kuketi, yaani miguu ilikwenda na kichwa kikayumba kama cha mtu aliye juu ya pikipiki. Hatimaye Mama Theresia, akiwa amechoka na amekunja mikono, akasema jambo ambalo najua lilimuuma.

"Tumfunge tu kidogo. Kwa khanga. Kiunoni, kwenye kiti. Haitaonekana."

Bibi yake Gidamis alikuwa ameketi karibu na mlango. Ndiye aliyekuwa akimleta kila siku, mwanamke mrefu, mwenye bangili za shaba kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Kiswahili chake kilikuwa kichache lakini hakikuwahi kumwangusha.

"Huyu mtoto mlifunga miguu kama ndama," alisema bila kuinua sauti. "Nilikubali. Daktari alisema, nilikubali. Usiku analia, nakubali. Sasa mmefungua. Mtoto anakimbia, ninyi mnataka kamba tena?"

"Bibi, ni kwa ajili ya mguu wake," nikasema.

"Mguu uko chini. Mnataka nini huku juu?" Akajigusa uso.

Mimi, niliyesoma miaka mitatu juu ya haki za mtoto, nilichukua kalamu. Niliandikia ofisi kuuliza kama mguu unaweza kutibiwa bila uso. Jibu lilikuja kwa lugha ya upole: mfadhili anahitaji kumwona mtoto wake, na mwisho wa kupokea picha ni Ijumaa ya juma linalofuata.

Kwa hiyo nikaenda Katesh kutafuta kamera nyingine. Meneja wangu alikuwa ameniruhusu kubadilisha ile ya zumu, bila kuongeza kitu juu.

Pale Katesh alikuwepo Filipo, kijana aliyeuza vifaa vya umeme vilivyotumika: redio, pasi, laptopu na kamera kadhaa kwenye kabati la kioo. Alikuwa mcheshi na hakuwa mwongo, sifa mbili ambazo hazikai pamoja mara nyingi katika biashara ile.

"Dada yangu, umeleta hii?" akashangaa akiigeuzageuza kamera ya zumu. "Hii inavuta mpaka mbuzi aliye juu ya mlima. Utamhesabu ndevu."

"Mbuzi wa mlimani hanihusu. Nina mtoto aliye hatua moja kutoka kwangu na hasimami."

"Basi unataka bunduki."

"Nataka kamera isiyofikiri."

Akacheka, akanitolea zote. Nami nikafanya jambo ambalo nawasihi mlifanye kila mnaponunua. Sikuzijaribu mlangoni, ambako kila kamera ni nzuri. Nilimwomba Filipo tuingie nyuma ya duka, kwenye stoo yenye magunia, giza kama la kumbi zetu.

"Tunaenda stoo kufanya nini? Mke wangu anauza chai hapo mbele, anaona."

"Mwite aje ashuhudie. Wewe inua mkono juu, ushushe, uinue tena, haraka. Nitabonyeza mkono ukiwa juu."

Filipo alipunga mkono kama mtu anayesimamisha basi lililomkataa, na mkewe akasimama mlangoni na birika, akicheka mpaka chai ikamwagika. Kamera ya kwanza, niliyobonyeza mkono ukiwa juu, ilinionyesha mkono ukiwa kiunoni. Nikairudisha. Ya pili ilinionyesha mikono minne. Nikairudisha. Ya tatu ilikuwa imechakaa pembeni, haikuwa na megapikseli za kujivunia wala zumu ya maana, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikabonyeza mkono ukiwa juu. Picha ikaonyesha mkono ukiwa juu.

Iliwezaje? Nilikuja kuelewa baadaye, nanyi mnielewe mapema. Kwanza, lenzi yake ilikuwa na mdomo mpana. Pembeni mwa lenzi kuna namba ndogo inayoanza na herufi f. Tafuteni iliyo chini ya mbili au karibu nayo, maana namba ikiwa ndogo mdomo ni mkubwa na mwanga mwingi unaingia. Pili, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga kilikuwa kikubwa kuliko cha kamera nyingine za umbo lake, hivyo ungeweza kuiongezea usikivu bila picha kujaa chenga kama televisheni ya zamani. Chenga kidogo msiziogope. Hakuna bibi aliyewahi kulalamika kuhusu chenga. Wanalalamika mjukuu akikosa macho. Tatu, ilikuruhusu kuipangia kasi wewe mwenyewe. Kwa mtoto anayecheza, niliipangia ifungue jicho kwa sehemu moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde, nikaiacha itafute yaliyobaki. Nne, ukibonyeza kitufe nusu, ilitafuta uso mapema na kubaki tayari, halafu ulipomalizia, ilipiga papo hapo.

Na la tano sikulijua hata nilipokuwa natoka dukani: ilishikika kwa mkono mmoja.

Jumatano nilirudi nayo Gitting. Niliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa vumbi la huku likiingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, siku moja itatoka na haitarudi. Betri niliziweka kifuani, ndani ya sweta. Baridi ya Gitting inakula betri. Nimepoteza asubuhi nzima kwa betri iliyolala kwenye begi nje, nikiidhania mbovu, na ilipopata joto ikafufuka.

Nilivuta meza hadi dirisha lisilozibwa, mahali ambapo mwanga ungempata mtoto ubavuni kidogo na sio mgongoni. Mama Theresia alikuwa amekaa na watoto wengine kwenye mkeka. Gidamis alikuwa akizunguka. Nikapiga magoti, nikabonyeza nusu, nikamfuata. Nilipata picha nyingi zilizo kali, kwa mara ya kwanza: sikio kali, kisogo kikali, nusu ya uso iliyokwenda zake. Kamera ilikuwa imetimiza wajibu wake. Mtoto hakuwa amenitazama hata mara moja, na hakuwa na sababu ya kunitazama. Kwake nilikuwa samani.

Nikashusha kamera. Niliketi sakafuni kabisa, miguu imenyooka. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali, nami nikafikiria faili lile, mguu ule, na Ijumaa.

Gidamis alipopita mbele yangu, bibi yake akatamka kitu kwa lugha yao, maneno mawili au matatu, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mjukuu kuvaa viatu. Mtoto akapunguza mwendo. Akarudi nyuma kwa kuchechemea. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo," akasema. Akainamisha kichwa.

Akasubiri.

Hakutikisika. Miguu ile ambayo haikutulizwa na biskuti, wala kiti, wala sauti ya Mama Theresia, ilikuwa imesimama juu ya saruji kwa hiari yake, kwa kuwa salamu ilikuwa haijapokewa. Ndipo nikaelewa kilichotokea Nangwa. Watoto wale walikuwa wamenipa utulivu wao wote, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nimeshikilia kamera kwa mikono miwili.

Niliweka kiganja cha kushoto utosini pake. Nywele zilikuwa na joto la kukimbia. Mkono wa kulia ukainua kamera mpaka usawa wa kidevu changu, bila kuificha, na kidole kikabonyeza nusu.

"Marahaba, Gidamis," nikasema. "Hujambo?"

Nikaondoa kiganja. Akainua uso kunijibu, kama mtoto yeyote anavyouinua, kumtazama aliyempokea.

"Sijambo."

Nikamalizia kitufe. Na alipokuwa akigeuka, tayari yuko mbio, nikasikia bangili za bibi zikigongana. Alikuwa akicheka kimyakimya.

Mama Theresia alikuja akainama juu ya kioo cha kamera. Uso ulikuwa pale wote, macho mawili, mwanga wa dirisha kwenye shavu moja, mdomo umefunguka katikati ya neno. Pua ilikuwa imevimba kidogo, kwa kuwa kamera hizi zikisogezwa karibu sana hukuza pua. Mwacheni mtoto awe na pua.

"Hajasimama kama nguzo," nikamwambia kwa wasiwasi.

"Amesimama kama mtu," akasema. Kisha, kwa kuwa hakupenda kukaa muda mrefu upande wangu, akaongeza, "Futa mafuta hapo kwenye lenzi. Umeishika kama andazi."

Picha ilikubaliwa. Upasuaji ulifanyika. Kwa miezi iliyofuata niliwaamkia, yaani niliamkiwa na watoto wote wa vituo vitatu, mmoja mmoja, kwa mkono wa kushoto, na picha zikatoka nyuso zikiwa na maneno midomoni. Nimewaambia kanuni za lenzi na kitufe kwa urefu, lakini shikeni hili wakati wa kuchagua: kamera yoyote itakayowanyima mkono wa kumpokea mtoto, iacheni dukani, hata kama inahesabu ndevu za mbuzi.

Msidhani kwamba niliondoka mshindi. Niliipata picha, swali la bibi sikulijibu. Kila mwaka mguu wa mtoto fulani bado unasubiri uso wake ukubalike, na kila mwaka niliandika barua ileile na kupata upole uleule. Huo ndio uchovu niliowaambia mwanzoni. Magoti ni sehemu yake ndogo. Endeleeni kuandika. Mimi nimechoka kuandika, sijachoka kuamini.

Siku niliyokabidhi kazi, bibi alimleta Gidamis kituoni. Bandeji ngumu ilikuwa imetolewa, na mguu wa kulia ulikanyaga chini wote, kisigino hadi vidole. Alikimbia bila kuchechemea, jambo lililomfanya awe wa hatari zaidi, na Mama Theresia alikuwa amekwisha kuokoa vikombe viwili. Niliweka kamera juu ya meza, ikiwa imewashwa, nikaenda kumuaga bibi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikainamisha kichwa.

Kiganja chake kilishuka utosini pangu, kizito, bangili zikagusa sikio langu. Hakukiondoa haraka. Sijui kama ilikuwa desturi au kama aliona nilivyokuwa nimechoka. Nilibaki pale, nimetulia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Nyuma yangu kamera ikalia.

"Marahaba!" akapiga kelele Gidamis, ameshika kamera kwa mkono mmoja, akamwachia Mama Theresia na kutoweka.

Kamera niliikabidhi siku ileile, na picha zote za watoto zilibaki ofisini, kama sheria inavyotaka. Ile moja niliruhusiwa kuichukua, kwa kuwa haina mtoto ndani yake. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya miaka yangu ya kazi. Ni utosi wangu, vidole vya bibi na bangili zake, na katikati ya nywele, nywele mbili nyeupe ambazo sikujua kwamba ninazo.

Haijatikisika hata kidogo.